Kabla ya Kumwita Mtu Mshirikina au Mkanamungu: Namna ya Kuainisha Imani Kuhusu Kuwapo kwa Miungu

Anayetaka kueleza imani ya mtu, ya jamii au ya kitabu kuhusu kuwapo kwa Mungu, aghalabu huanza kwa kutafuta jina la kuibandika: huyu ni wa Mungu mmoja, yule ni wa miungu mingi, na yule mwingine hana Mungu. Mwongozo huu unamwomba afuate mkondo wa kinyume. Yaulizwe kwanza maswali manne, kila moja peke yake, na majibu yake yaandikwe kwa sentensi kamili. Jina lije baadaye, na pengine lisije kabisa. Waliokusudiwa ni wanafunzi wa dini na falsafa, waandishi wa habari na wale wanaoandaa mijadala baina ya watu wa imani mbalimbali, ingawa hata anayehudhuria tu mihadhara ya uwanjani atapata cha kumfaa.

Sababu ya kulirudisha jina nyuma ni kwamba mengi ya majina haya yalizaliwa katika ugomvi. Katikati ya karne ya 2 baada ya Kristo, Polikarpo, askofu mzee wa Smirna, mji ulio katika Uturuki ya leo, aliletwa uwanjani mbele ya liwali wa Kirumi. Liwali alimtaka atamke maneno machache ili aachiliwe: waondolewe wasioamini miungu. Waliokusudiwa ni Wakristo, kwa kuwa hawakuitolea sadaka miungu ya dola. Masimulizi ya Kikristo yanasema kwamba Polikarpo aliutazama umati uliojaa pale, akawapungia mkono, akainua macho mbinguni, akayasema maneno yaleyale, ila yeye akiwakusudia wao. Tusi lilikuwa moja, na kila upande uliona linamfaa mwenzake. Karne nyingi baadaye, mwandishi Thomas Paine aliandika waziwazi mwaka 1794 kwamba anaamini Mungu mmoja na si zaidi, na kwamba anatumaini kupata heri baada ya maisha haya. Hilo halikumzuia Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, katika maandishi yake ya mwaka 1888, kumwita mkanamungu mchafu. Neno «mshirikina» nalo lina tabia hiyohiyo. Kwa wanazuoni wa akida ni hukumu yenye masharti yake, na mitaani limekwisha kuwa neno la kuwasema watu wa hirizi na waganga. Kwa matumizi yote mawili, halitoshi kuwa chombo cha kuainishia.

Swali la kwanza: ni nani hasa anayehesabiwa?

Kabla ya kuuliza miungu ni mingapi, ni lazima ijulikane ni nani kati ya wasioonekana anayestahili kuitwa mungu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuambiwa kwamba ulimwengu huo una wakazi wengi: malaika, majini, pepo, mizimu, koma. Wote hao wakihesabiwa kuwa miungu, hatabaki muumini hata mmoja wa Mungu mmoja pwani nzima. Mwislamu wa Tanga anayesadiki kwamba majini wapo haongezi mungu wa pili katika imani yake, kwa sababu Kurani yenyewe inawataja majini kuwa viumbe walioumbwa, na sura ya 72 inaitwa kwa jina lao. Kuamini kwamba kitu kipo ni jambo moja, kukiabudu ni jambo la pili, na kukiona kuwa ndicho chenye kauli ya mwisho juu ya ulimwengu ni jambo la tatu.

Kaya za Wamijikenda, misitu mitakatifu ya pwani ya Kenya iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, ni mahali pazuri pa kujizoeza kutenganisha mambo hayo. Mzee anayeomba mvua humwelekea Mulungu, na katika ombi hilohilo huwataja koma, yaani roho za waliotangulia. Kwa Wagiriama, mwanachama wa chama cha Gohu akifariki na roho yake ikadai kukumbukwa, huchongewa kigango, mti mrefu uliokatwa kwa nakshi za pembe tatu na kusimikwa ardhini, na mbele yake humwagwa tembo na kuwekwa chakula. Mpita njia huona mti unalishwa, akaandika kwamba watu hawa wanaabudu vinyago. Angeuliza, angeambiwa mti ule ni wa fulani, baba wa fulani, aliyejulikana kijijini kwa jina na kwa mifugo yake, na kwamba mvua si yake. Kutambika ni kumhudumia mzazi aliyekufa. Kama huduma hiyo ni ibada au si ibada, huo ni mjadala ambao makanisa na misikiti ina majibu yake, lakini mwainishaji hapaswi kuanza kwa kuchukua jibu la upande mmoja.

Kwa kila anayetajwa, basi, ulizeni mambo matatu: aliumba au aliumbwa? Aliwahi kuwa mtu? Akikataa jambo, yupo aliye juu yake wa kukatiwa rufani? Majibu hayatakuwa safi daima. Baganda walimjua Katonda kuwa muumba, lakini shughuli nyingi za kila siku zilipelekwa kwa balubaale: Mukasa wa ziwa, ambaye hekalu lake kuu lilikuwa katika visiwa vya Ssese, Kibuuka wa vita, na wengineo. Kibuuka mwenyewe husimuliwa kuwa alikuwa shujaa aliyepigana upande wa Kabaka Nakibinge akauawa vitani, na vitu vyake vitakatifu vilivyopelekwa Cambridge wakati wa ukoloni vilirudishwa Uganda mwaka 1962. Je, huyo ni mungu, au ni mhenga aliyepandishwa cheo? Sioni sababu ya kulazimisha jibu. Kuandika kwamba Baganda walikuwa na muumba mmoja asiyeshughulikiwa sana, pamoja na nguvu kadhaa zilizokuwa na makuhani na mahekalu, baadhi yake zikisimuliwa kuwa zilikuwa watu, kunamfaa msomaji kuliko jina lolote.

Yapo pia makosa ya muulizaji. Mshairi na mwanazuoni wa Uganda, Okot p'Bitek, alisimulia jinsi mwaka 1911 mapadri wa Kiitalia walivyokaa na wazee wa Kiacholi wakiwauliza ni nani aliyewaumba. Wazee hawakuwa na swali hilo. Kwao mtu huzaliwa na mama yake. Mapadri wakashikilia, na swali likawafikia wazee kama kuuliza ni nani anayewafinyanga watu. Hapo mzee mmoja akakumbuka kwamba yupo anayeufinyanga mwili wa mtu na kuupinda: Rubanga, roho inayoleta kibyongo. Basi jina la roho ya maradhi ya uti wa mgongo likaandikwa kuwa jina la Muumba, na likakaa. P'Bitek aliutumia mfano huo kuwakosoa wanazuoni wa Kiafrika, akiwamo John Mbiti wa Kenya, waliotaka kuonyesha kwamba kila kabila la Afrika lilikuwa na Mungu mmoja mkuu anayefanana na wa Wakristo. Mbiti, ambaye alikusanya mamia ya majina ya Mungu kutoka kila pembe ya bara, alikuwa na ushahidi mwingi upande wake: Ngai wa Wakikuyu, Imana wa Rwanda na Burundi, Ruwa wa Wachaga. Kwa maoni yangu, Mbiti alikuwa sahihi kwa jamii nyingi na p'Bitek alikuwa sahihi kuhusu njia ya kuuliza. Swali lisilo na jibu liachwe bila jibu.

Swali la pili: wapo wangapi, na anaabudiwa nani?

Hapa yamo maswali mawili yanayokwenda kwa jina moja, na kuyachanganya ndiko kunakoleta upotofu mwingi. Mtu anaweza kusema Mungu yupo mmoja na wengine hawapo kabisa; hiyo ndiyo imani ya Mungu mmoja kwa maana yake kamili. Anaweza kusema wapo wengi na wote wanastahili haki zao; hiyo ni imani ya miungu mingi. Lakini pia anaweza kusema wapo wengi ila sisi tunamwabudu huyu mmoja tu. Msimamo huu wa kati wanazuoni huuita umonolatria, na ukiwa umelegea kidogo, kwa maana ya kumtukuza mmoja kuliko wote bila kuwakatalia wengine ibada, huitwa uhenoteisti.

Biblia ya Kiebrania ina nyayo za misimamo hiyo. Amri isemayo «Usiwe na miungu mingine ila mimi» katika Kutoka 20:3 inakataza kuwa nayo. Haisemi kwamba haipo. Katika Waamuzi 11:24, Yeftha anamwambia mfalme wa Waamoni amiliki alichopewa na Kemoshi mungu wake, kama vile Israeli nao wanavyomiliki walichopewa na Bwana, kana kwamba kila taifa lina wake. Zaburi ya 82 inamweka Mungu akihukumu katikati ya miungu. Kisha katika Isaya, sura ya 44 na 45, kauli inakuwa kali na ya wazi: zaidi ya huyu hakuna mwingine. Wapo waumini wanaosoma aya zile za mwanzo kuwa ni lugha ya mazungumzo tu, na wapo wasomi wanaoziona kuwa hatua za safari ndefu. Mwainishaji anachopaswa kufanya ni kuandika kila andiko linasema nini, bila kulipa andiko la zamani imani ya andiko la baadaye.

Makka kabla ya Uislamu inatoa mfano mwingine, na wanaousahau ni wengi. Watu wa Makka hawakuwa hawamjui Mwenyezi Mungu. Kurani, katika sura ya 29 aya ya 61, inasema kwamba wakiulizwa ni nani aliyeziumba mbingu na ardhi, watasema ni Mwenyezi Mungu. Na katika sura ya 39 aya ya 3 wanawekwa wakijitetea kwamba hawawaabudu walinzi wengine ila wapate kukurubishwa kwake. Ugomvi haukuwa juu ya kuwapo kwa Muumba, bali ulikuwa juu ya Lata, Uza na Manata, miungu wa kike walioabudiwa huko, na haki yao ya kuombwa. Kwa lugha ya mwongozo huu, watu hao walijibu swali la kwanza jibu moja na Waislamu, wakatofautiana nao katika la pili. Wanazuoni wengi wa tauhidi hugawanya jambo hili vivyo hivyo, wakitenga kumpwekesha Mungu katika uumbaji na kumpwekesha katika ibada. Ubishi wa hivi leo baina ya Waislamu wenyewe kuhusu ziara za makaburi na kuomba kwa kupitia mawalii unaendeshwa katika uwanja huohuo: anayefanya tawasuli anasema anamwomba Mungu peke yake, na anayempinga anasema kitendo chake kinamkanusha. Katika daftari, kauli ya mtu kuhusu nafsi yake ikae safu moja na kauli ya mpinzani wake ikae safu nyingine.

Safu hizo mbili zinahitajika zaidi katika suala la Utatu. Mhadhiri wa Kiislamu akihesabu, hupata tatu. Mkristo, kwa kufuata mafundisho yaliyopangwa katika mitaguso, yaani mikutano mikuu ya maaskofu, ya Nikea mwaka 325 na Konstantinopoli mwaka 381, hukiri Mungu mmoja katika nafsi tatu, na Injili ya Marko 12:29 inamwonyesha Yesu akiitaja kuwa amri ya kwanza kauli ileile ya Kiyahudi kwamba Bwana ni mmoja. Anayeandika kwamba Wakristo wanaamini miungu mitatu ameandika hoja ya mpinzani, hata kama anaiona hoja hiyo kuwa ni ya kweli.

Kwa Wahindu, anayekuja na hesabu tu atachoka upesi. Upanishadi ya Brihadaranyaka, moja ya maandiko yao ya kale, inasimulia mjadala katika baraza la mfalme Janaka, ambapo Shakalya anamuuliza mwenye hekima Yajnavalkya miungu ni mingapi. Anajibiwa: mitatu na mia tatu, na mitatu na elfu tatu. «Naam, lakini ni mingapi hasa?» Thelathini na mitatu. «Naam, lakini ni mingapi hasa?» Sita. Swali linarudiwa, na jibu linashuka: mitatu, miwili, mmoja na nusu, na mwishowe mmoja. Hakuna jibu linalofutwa na linalofuata. Hivyo basi anayeingia katika hekalu la Kihindu Mombasa au Dar es Salaam na kuona sanamu nyingi hawezi kujua, kwa kuziona tu, kama anayesujudu mbele yake anaamini miungu mingi, au Mungu mmoja mwenye sura nyingi, au uhai mmoja usio na sura ambao wanyonge wa fikra kama sisi huufikia kwa njia ya sanamu. Na Mhindu wa Arya Samaj, jumuiya iliyoasisiwa na Dayananda Saraswati mwaka 1875 na yenye wafuasi wa siku nyingi Nairobi, atamwambia kwamba Mungu ni mmoja, hana umbo, na sanamu hazifai. Wote hao huandikwa «Hindu» katika fomu moja. Wamasai, ambao humwita Mungu Enkai, nao huwachanganya wahesabuji kwa njia hii: Enkai mweusi, mpole, wa mvua na majani, na Enkai mwekundu, mwenye hasira, wa ukame na radi, aghalabu ni Enkai mmoja.

Jibu la «wawili» ni nadra. Mani, aliyeishi Uajemi katika karne ya 3, alifundisha kwamba nuru na giza ni asili mbili zisizotokana na kitu kimoja, na Agostino wa Hippo alimfuata kwa miaka kadhaa kabla ya kuwa Mkristo. Wazoroasta, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi, husemwa mara kwa mara kuwa ni wa miungu miwili kwa ajili ya Ahura Mazda na adui yake Angra Mainyu, lakini Waparsi wengi wa leo, yaani Wazoroasta wenye asili ya India, wakiwamo wale ambao familia zao ziliishi Zanzibar, husema wanamwabudu Ahura Mazda peke yake.

Jibu la «hakuna muumba», kwa upande mwingine, si nadra hata kidogo, na halimaanishi kutokuwa na dini. Wajaini, wenye hekalu lao la marumaru nyeupe mjini Mombasa, wanafundisha kwamba ulimwengu haukuumbwa na hauna mwanzo. Wanaowaheshimu ni watirthankara 24, waalimu waliojikomboa, ambao kwa kuwa wamekombolewa hawaingilii tena mambo ya dunia. Katika Ubudha miungu ipo, lakini huzaliwa na kufa kama wengine. Sutta moja ya kale, yaani hotuba inayonasibishwa na Buddha, iitwayo Brahmajala, ina kisa chenye kejeli nyembamba: baada ya ulimwengu kuharibika na kuanza kujengeka upya, kiumbe mmoja anatokea wa kwanza katika kasri tupu, anakaa peke yake kwa muda mrefu mno, anatamani wenzake, na wenzake wanapotokea kwa sababu zao wenyewe, yeye anaamini amewaumba, nao wanaamini hivyo kwa kuwa walimkuta. Anayeuliza katika hekalu la Kibudha la Upanga, Dar es Salaam, kama Mungu yupo au hayupo anaweza kupewa jibu la upole lisilo ndiyo wala siyo, kwa sababu swali hilo si mhimili wa dini hiyo.

Swali la tatu: anahusikaje na dunia?

Namna nyepesi ya kuliuliza swali hili ni kumuuliza mtu: ukiomba mvua, yupo anayesikia na anayeweza kuileta? Wayahudi, Wakristo na Waislamu kwa jumla watasema yupo, na anayesema hivyo ana Mungu aliye hai, mwenye nafsi, aliye tofauti na viumbe vyake na anayewashughulikia. Atakayesema yupo aliyeumba, ila mvua ina kanuni zake alizoziweka na hazibadilishi kwa ajili ya mtu, anakaribia udeisti, msimamo uliopata nguvu Uingereza, Ufaransa na Marekani katika karne ya 17 na ya 18.

Udeisti unaonekana vizuri katika kazi ya mikono ya Thomas Jefferson. Rais huyo wa tatu wa Marekani alinunua nakala za Agano Jipya katika Kigiriki, Kilatini, Kifaransa na Kiingereza, akachukua kisu, akakata mistari aliyoikubali na kuibandika katika kurasa tupu, lugha nne kwa safu nne. Mafundisho ya Yesu yalibaki, na miujiza mingi ikaachwa katika vitabu vilivyotobolewa. Simulizi lake linakomea pale Yesu anapolazwa kaburini na jiwe linapovingirishwa mlangoni. Alikamilisha kazi hiyo mwaka 1820, hakuichapisha, na kitabu hicho sasa kipo katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington. Hata hivyo Jefferson aliendelea kutumaini maisha baada ya kifo, kama Paine, na hilo linatosha kutuonya tusimtarajie mdeisti wa kweli afanane na mdeisti wa kamusini.

Anayesema kwamba hakuna wa kuombwa nje ya mvua yenyewe, kwa sababu Mungu na maumbile ni kitu kimoja, ni mpanteisti. Mfano wake mkuu ni mwanafalsafa Baruch Spinoza, aliyetengwa na jumuiya ya Kiyahudi ya Amsterdam tarehe 27 Julai 1656 akiwa kijana wa miaka 23. Wasomaji wake wamegawanyika tangu hapo: wengi wa zama zake walimwita mkanamungu, na baadaye mshairi Mjerumani Novalis akamwita mtu aliyelewa Mungu kama mlevi anavyolewa mvinyo. Mwanafizikia Albert Einstein alipoulizwa na rabi mmoja mwaka 1929 kama anaamini Mungu, alijibu kwa telegramu kwamba anamwamini Mungu wa Spinoza, anayejidhihirisha katika mpangilio wa vyote vilivyopo, na si Mungu anayejishughulisha na majaaliwa na matendo ya wanadamu. Wahubiri na wakanamungu wameivuta telegramu hiyo kila mmoja upande wake, ingawa jibu lenyewe ni la wazi kwa anayelisoma lote.

Karibu na hapo upo upanenteisti, usemao kwamba dunia yote imo ndani ya Mungu, lakini Mungu anaizidi dunia. Mafundisho ya Ramanuja, mwanafalsafa wa Kihindu wa India ya kusini, yanayoiona dunia na nafsi kuwa kama mwili wa Mungu, huwekwa katika kundi hilo. Yale ya Ibn Arabi, mwanazuoni wa Kisufi aliyefariki Damasko mwaka 1240, hubishaniwa: wafuasi wake husema hakuwahi kumchanganya Muumba na kiumbe, na wapinzani wake husema alifanya hivyo hasa. Safu mbili za daftari zitumike tena.

Swali la nne: anaamini, au anajua?

Swali hili hurukwa zaidi kuliko yote. Kuna anayeamini na kudai anajua. Kuna anayeamini huku akikiri kwamba jambo hili haliwezi kuthibitishwa kwa akili, na mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliandika mwaka 1787 kwamba ilimbidi aiondoe elimu ili kuipa imani nafasi. Kuna asiyeamini na kudai anajua kwamba hakuna. Na kuna asiyeamini kwa sababu tu hajaona hoja ya kumtosha. Wawili hao wa mwisho wote huitwa wakanamungu, lakini mzigo wa hoja wanaoubeba si sawa, na kumtaka wa pili athibitishe kwamba Mungu hayupo ni kumdai deni la mwenzake.

Uagnostiki, yaani msimamo wa kusema haijulikani kama Mungu yupo au hayupo, unakaa katika swali hili la elimu. Jina lilibuniwa na mwanasayansi Mwingereza Thomas Huxley mwaka 1869, msimamo ukiwa wa zamani zaidi: Protagora Mgiriki, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alisema hawezi kujua kama miungu ipo au haipo, kwa kuwa jambo lenyewe limefichika na maisha ya mtu ni mafupi. Mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell alieleza mwaka 1947 kwamba akiwa mbele ya wanafalsafa hujiita mwagnostiki, kwa kuwa hana hoja ya kukata shauri, lakini mbele ya mtu wa kawaida hujiita mkanamungu, kwa sababu hata miungu ya Homero, mshairi wa Kigiriki wa kale, hawezi kuthibitisha kwamba haipo, na hakuna anayeichukulia kwa uzito. Kwa hiyo mtu mmoja, bila kubadili fikra, alikuwa na majina mawili kulingana na aliyemuuliza. Wapo pia wanaosema kwamba sentensi «Mungu yupo» haina maana mpaka neno Mungu lielezwe, na wapo wasiojali kabisa jibu litakalopatikana. Hawa wa mwisho ni wengi kuliko vitabu vinavyokiri, na baadhi yao huhudhuria ibada kila wiki.

Wala haifai kudhani kwamba kukana ni jambo lililoletwa juzi kwa meli. Sura ya 45 aya ya 24 ya Kurani inawanukuu watu wasemao hakuna ila uhai huu wa duniani, na kwamba kinachowaangamiza ni dahari tu. Wanazuoni wa Kiislamu wa zama za kati waliwaita wenye mawazo hayo Dahria na kuwajibu kwa kirefu.

Kuuliza na kuandika

Katika mahojiano, mtajeni Mungu kwa jina analolitumia mwenyeji, na maswali ya matendo yatangulie maswali ya itikadi. Kumuuliza mtu alifanya nini mtoto alipougua, alimwendea nani kwanza na nani baadaye, na maneno gani yalisemwa, huleta habari nyingi kuliko kumuuliza anaamini nini. Msimuulize mbele ya wakwe, mchungaji au shehe wake. Dini yake na yeye mwenyewe viandikwe mbalimbali: Mkatoliki anayetilia shaka ufufuo bado ni Mkatoliki katika rejesta ya parokia, na mwandishi anayeandika juu ya mtu huyo ataeleza yote mawili.

Katika kusoma takwimu, tazameni kwanza ni visanduku gani vilivyowekwa katika fomu. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwaandika watu 755,750, yaani takriban asilimia 1.6, katika kisanduku kimoja cha wasio na dini na wakanamungu. Ndani yake wamo wanaokana, wasiojali, wanaomwamini Mungu bila kufuata dini yoyote, na bila shaka wadeisti wasiojua kwamba ni wadeisti. Anayeitaja idadi hiyo kuwa ndiyo idadi ya wakanamungu wa Kenya ameongeza jambo ambalo sensa haikulisema. Wala ukimya si ushahidi, kwa kuwa kujitangaza kuna gharama zake: jumuiya ya wakanamungu nchini humo ilisajiliwa mwaka 2016, na usajili wake ukasimamishwa mwaka huohuo. Tanzania haijauliza dini katika sensa tangu ile ya mwaka 1967, na kwa hiyo kila asilimia ya Waislamu, Wakristo na wafuasi wa dini za jadi inayotajwa kwa nchi hiyo inatokana na makadirio au tafiti za sampuli. Iandikwe pamoja na jina la aliyekadiria na mwaka wake.

Mahali ambapo mtu hakujibu swali mojawapo kati ya yale manne, andikeni kwamba hakujibu, au kwamba hakuulizwa, kwani hayo nayo ni mambo mawili tofauti. Nafasi hiyo isijazwe kwa kukisia kutokana na jina lake, kanzu yake au rozari iliyo shingoni mwake.